Siku moja gerejini Nyakato: valvu zisizofikiwa na petroli

Saa 1 asubuhi. Gereji yetu ipo Nyakato, Mwanza, pembeni mwa barabara iendayo Musoma, na kazi ya kwanza ya leo haikuhitaji spana wala jeki. Toyota Mark X moja, yenye injini ya 4GR-FSE ya silinda 6 na ujazo wa lita 2.5, ilikuwa imelala hapa tangu jana jioni kwa sababu nilitaka kuisikia ikiwa baridi kabisa. Niliiwasha bila kukanyaga mafuta. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikapanda na kushuka, usukani ukatetemeka, injini ikawa inamisi, yaani inakosa kuwaka, bila mpangilio. Ilipopata moto ikatulia kana kwamba haikuwa na neno. Mashine ya kupimia ilisoma P0300, yaani kumisi kusikoangukia silinda moja mahususi. Plagi na koili zilikwisha kubadilishwa na fundi mwingine, tena kwa gharama kubwa, na tatizo likabaki palepale.

Saa 2. Mwenye gari, mzee mfanyabiashara wa Geita, aliingia wakati ninanawa mikono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Huko nyumbani wananishauri niliuze tu. Wanasema gari la D4 halina mwisho mwema."

Maneno hayo husikiwa na kila mtu aliyenunua Voxy, Crown Athlete au Premio ya lita 2 yenye injini ya D4, mfumo wa Toyota wa kupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na mimi siyaungi mkono. Katika injini ya kawaida, kwa mfano 3S-FE ya Noah za zamani, nozeli hupulizia petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu ya kuingizia, kwa shinikizo la baa 3 hivi. Petroli hiyo huiosha valvu siku zote gari linapotembea. Katika D4 nozeli imehamishiwa ndani ya silinda yenyewe, na shinikizo lake huweza kuzidi baa 100, kwa hiyo kinachopita kwenye valvu ya kuingizia ni hewa peke yake. Ingekuwa hewa safi tupu, tusingekuwa na la kuzungumza. Lakini moshi unaopenya kwenye ringi za pistoni hushuka chini kwenye oili, hubeba mvuke wa oili hiyo, kisha hurudishwa kwenye njia ya hewa kupitia valvu ya PCV ili ukaunguzwe badala ya kutupwa nje. Mvuke huo hukuta valvu ya moto, ukachanganyika na masizi kidogo ya gesi zilizokwisha kuungua ambazo hurudi nyuma valvu zinapopishana, ukaganda. Wa leo huganda juu ya wa jana.

Nilimweleza mzee pia kwamba wazo lenyewe si geni, maana Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilikwisha kupulizia petroli ndani ya silinda kwa pampu ya kimakanika, na Mitsubishi ikalirudisha sokoni mwaka 1996 kwa kutumia udhibiti wa umeme, ikaliita GDI. Toyota nao walileta mfumo wa D-4S mwaka 2005, ambamo kila silinda ina nozeli mbili, moja ndani na nyingine kwenye njia ya hewa, na mojawapo ya faida zake ni kwamba valvu zinapata tena petroli ya kuziosha. Gari lake, kwa bahati mbaya, lina nozeli ya ndani tu.

Saa 3 tulianza kufungua. Betri ilitolewa waya, bomba kubwa la hewa likaondolewa, menifoldi ya juu ikanyanyuliwa, na kila tundu lililobaki wazi likazibwa kwa kitambaa kisafi kabla mtu hajashika kitu kingine. Nilishusha kamera ndogo ya waya, ile inayochomekwa kwenye simu, ndani ya njia ya silinda ya kwanza. Shina la valvu, ambalo likiwa jipya ni chuma chembamba kinachong'aa, lilikuwa limenenepa na kuwa jeusi, na mgongoni mwa kichwa cha valvu palikuwa na magamba yaliyopasukapasuka kama ukoko wa ugali uliosahauliwa chunguni. Pembezoni magamba yalikuwa makavu, lakini karibu na shina yalikuwa bado na unyevu wa oili. Unyevu huo nauchukulia kuwa taarifa muhimu kuliko ukubwa wa magamba, kwa sababu unaonyesha kwamba oili bado inafika pale kwa wingi, na kwamba ukisafisha bila kuutafuta mlango wake utarudi kusafisha tena.

Kusafisha kwenyewe kulikula muda wote hadi saa 8 mchana. Ulaya na Marekani mafundi hurusha kwa upepo wa kompresa chembechembe za maganda ya jozi, ambayo ni magumu kuliko kaboni lakini ni laini kuliko chuma, huku mashine ya kuvuta vumbi ikizimeza palepale. Hapa Mwanza maganda hayo hayapatikani kirahisi, kwa hiyo tunaloweka kwa dawa ya kusafishia kabureta, tunasubiri, tunakwangua kwa kijiti cha plastiki na brashi ya nailoni, tunanyonya uchafu, tunarudia. Sharti moja halina mjadala: valvu za silinda unayoisafisha ziwe zimefunga. Krenki huzungushwa kwa mkono hadi pistoni ya silinda hiyo ifike juu katika mshindo wa kubana, ndipo dawa imiminwe. Katika V6 hii, ambayo huwaka kwa mpangilio wa 1-2-3-4-5-6, theluthi moja ya mzunguko wa krenki hukupeleka kwenye silinda inayofuata, na mizunguko miwili huzimaliza zote pamoja na valvu zake 12 za kuingizia. Anayepuuza sharti hilo huangusha magamba ndani ya silinda, nayo yakakwaruza ukuta wake. Hapo ndipo D4 inapoanza kweli kutokuwa na mwisho mwema. Gasketi tulifunga mpya.

Chakula cha mchana kilikuwa sato na ugali, nikala nimesimama.

Saa 8 na nusu alikuja mwalimu mmoja na Voxy yake kwa sevisi ya kawaida, na kazi yake ilikuwa fupi lakini ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa kuwa gari bado halijaugua. Nyumbani kwake ni Buzuruga na shule yake haiko mbali, hivyo injini huzimwa kabla haijapata moto sawasawa, na petroli pamoja na maji huendelea kukaa ndani ya oili. Nilichomoa valvu ya PCV injini ikiwa inaunguruma, nikaweka kidole mdomoni mwake; ilivuta kidole barabara. Nilipoizima na kuitikisa ikalia, ishara kwamba kizibo cha ndani hakijanata. Kijiti cha kupimia kilionyesha oili imepita alama ya juu, kwa sababu wapo wauzaji wanaoamini kwamba kuzidisha ni ukarimu. Oili iliyozidi hurushwa na krenki, ikawa mvuke zaidi, na mvuke huo safari yake ni ileile ya kwenye valvu.

"Kwa hiyo nitumie oili gani, fundi?"

Nilimjibu kwamba kwanza afuate unene ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, si ile nzito ya kupimwa kutoka kwenye pipa, kisha atazame kwenye dumu alama ya ILSAC, ambayo ni alama ya kiwango cha ubora wa oili. Oili yenye alama hiyo hupimwa uvukaji kwa jaribio liitwalo Noack, ambamo hupashwa joto la nyuzi 250 kwa saa moja, na hairuhusiwi kupoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake. Kilichobaki ndani ya injini hakiwezi kuganda kwenye valvu. Nilimshauri pia abadilishe kila kilomita 5,000, kwa safari zake hizo fupi, na angalau mara moja kwa wiki alipeleke gari hadi Kisesa na kurudi. Mwendo mrefu haubandui kaboni iliyokwisha kuganda, ila huikausha petroli na maji yaliyomo ndani ya oili.

Saa 10 tulijaribu Mark X kwa barabara ya Kisesa hadi Usagara, mzee akiwa pembeni yangu. Nguvu ilikuwa imerudi, hasa pale unapokanyaga ukiwa mwendo wa chini. Aliniuliza kuhusu chupa za dawa za kumimina kwenye tangi, nami nikamwambia kwamba zile zenye kisafishio kiitwacho PEA husafisha ncha za nozeli na chumba cha kuwakia, lakini haziigusi valvu ya kuingizia, kwa sababu petroli yenyewe haipiti huko. Akauliza kuhusu kopo la kunasa mvuke wa oili. Hilo husaidia likifungwa kwenye mfumo uliozibwa na likimwagwa mara kwa mara. Kinachoharibu ni ule mtindo wa kuchomoa mpira wa PCV na kuuacha ukining'inia, kwani hewa isiyopimwa huingia na hesabu ya kompyuta ikavurugika.

Valvu ya PCV yake ilikuwa imenata ikiwa wazi, na tuliibadilisha kabla ya kutoka. Zamani, alisema, alikuwa akisubiri kivuko pale Kigongo injini ikiunguruma kwa ajili ya kiyoyozi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 anavuka bila foleni. Pale Usagara nilimwachia usukani, nikampa karatasi yenye aina ya oili na kilomita za sevisi ijayo, nikamwomba kesho aliwashe gari likiwa baridi na anipigie simu akiwa palepale, nisikie mwenyewe.