Kutu ya Datsun 240Z na majani ya miembe ya Tabora

Ukipita gereji za hapa Tabora ukasema unataka kuondoa kutu kwenye gari la zamani, jibu la wengi ni puti, ule mchanganyiko wa kusawazishia bodi unaokauka na kuwa mgumu. Watapiga msasa palipovimba, watasiliba puti, watapuliza rangi, na gari litang'aa mpaka Novemba. Mvua za kwanza zikinyesha, malengelenge yanarudi palepale. Kwa Datsun 240Z ya baba mdogo nimeikataa njia hiyo. Alinikabidhi funguo kwa sharti moja, nisiliuze, na mimi sioni faida ya kutunza gari linalooza chini ya rangi mpya.

Gari la aina hii lilitengenezwa kuanzia 1969 hadi 1973: milango miwili, boneti ndefu, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita za mstari mmoja. Wazee wakiliona hawaulizi bei, wanaanza kusimulia Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, kwa sababu 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta. Mimi nawasikiliza kwa furaha, ila macho yangu yako kwenye sakafu. Gari hili halina chesisi, yaani fremu ya chini, ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo chesisi, bati lake ni jembamba, na kiwandani halikupewa kinga kubwa ya kutu. Sakafu ikioza, gari zima limelegea.

Watu husema kutu ni ugonjwa wa Dar na Tanga. Kweli, chumvi ya bahari huiharakisha kutu sana. Lakini chuma kinahitaji maji na hewa tu ili kioze, na Tabora vyote viwili tunavyo. Isitoshe, tunayo miembe. Baba mdogo alikuwa akiegesha kivulini kama kila mtu mjini hapa. Majani ya mwembe yakidondoka huingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Ndani mna birika la bati lenye njia ndogo za kutolea maji. Majani yanaoza, yanageuka udongo, njia zinaziba. Mvua ikinyesha maji yanajaa humo, yanatafuta upenyo, yanashuka taratibu mpaka chini ya zulia, na mwenye gari haoni kitu. Nilipofungua birika lile nilitoa udongo mweusi wa kutosha kuoteshea mche.

Kazini kwangu, kwenye karakana ya mabehewa, nimeona jambo hilohilo. Behewa la zamani halianzi kuoza pale ubavuni panapopigwa na mvua kisha panakauka. Linaoza kwenye pembe, chini ya madirisha, na popote bati mbili zilipopandana. Kwa hiyo kwenye Datsun hatukuanza na malengelenge yanayoonekana. Tulitoa viti, zulia na tabaka la lami lililogandishwa sakafuni, tukaanza kugonga kwa mpini wa nyundo. Bati zima linalia. Bati lililooza linajibu kwa sauti butu, na ukilichoma kwa bisbisi linapenya. Tulikuta sakafu imetoboka upande wa dereva na mihimili miwili iliyochomelewa chini yake imejaa matope. Bati la kukalia betri lilikuwa limeliwa na asidi. Nyuma ya madigadi ya mbele, karibu na mlango, tope la miaka mingi lilikuwa bado bichi wakati nje jua linachoma.

Nilipokwenda kumwita fundi bodi ninayemwamini, nikamsalimu, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akazunguka gari kimya, kisha akasema, "Mwanangu, hapa tukate mpaka tukutane na bati jeupe, zima lisilo na kutu. Ukinidai puti leo, mwakani utaniita mwongo." Nikajua nimefika penyewe.

Kijana wake alileta kipande cha bati la kuezekea ili tuzibe sakafu. Mzee akakirudisha. Bati hilo ni jembamba mno, na limepakwa zinki. Ukilipiga moto wa gesi linatoa moshi mweupe, na anayeuvuta, usiku wake anatetemeka kwa homa kama mgonjwa wa malaria. Tulinunua bati jeusi, yaani lisilopakwa zinki, la geji 20, karibu milimita 0.9, tukakata vipande kwa kufuata karatasi ngumu za boksi tulizozipima kwanza garini. Kabla ya moto wowote tulitoa betri, kisha tukashusha tangi la petroli na kulipeleka mbali. Kumwaga petroli peke yake hakutoshi, kwa sababu mvuke unaobaki ndani ya tangi tupu ndio unaolipuka.

Kuchomelea bati jembamba kunataka subira. Mzee anachoma nukta moja hapa, anahamia upande wa pili, anangoja, anagonga kidogo, anarudi. Ukivuta mstari mrefu kwa mara moja, bati linajikunja na hulinyooshi tena. Pale ambapo chuma kilikuwa na vishimo tu bila kutoboka, tulisugua kwa brashi ya waya, tukapaka asidi ya fosforiki inayogeuza mabaki ya kutu kuwa tabaka jeusi lililoshika, tukasafisha, tukakausha, na praima, rangi ya kwanza ya kukinga chuma, ikapakwa siku hiyohiyo. Puti ilikuja baadaye, juu ya praima, nyembamba, ya kusawazisha tu. Puti inakunywa maji. Ukiiweka juu ya kutu umeijengea kutu nyumba.

Sasa nifike kwenye nta, maana hapa ndipo ninapotaka mafundi wa Tabora wanisikilize. Ndani ya vizingiti vya milango na mihimili ya sakafu brashi haifiki. Huko ndiko kutu inakozaliwa upya hata baada ya kazi nzuri. Nje ya nchi wanauza nta maalumu ya kupuliza humo, na kuiagiza ni gharama. Sisi tunakaa katikati ya miombo, nta ya nyuki imesafirishwa kutoka hapa tangu enzi za ukoloni, na inauzwa sokoni! Nilipata ya Sikonge, safi, ya manjano. Niliiyeyusha ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto, kwani nyuzi joto 65 hivi zinatosha. Nilipoitoa na kuipeleka mbali kabisa na jiko, nikachanganya tapentaini na oili safi ya injini mpaka ikawa laini kama samli. Ingali na uvuguvugu tuliipuliza kwa pampu yenye mpira mrefu, kupitia matundu yaliyopo tayari, gari likiwa juani. Inaingia kwenye maungio, na oili inaizuia isikauke ikapasuka. Baadaye nilipita na waya nikizibua kila tundu la chini la kutolea maji, maana nta ikiziba tundu tumerudi kwenye majani ya mwembe.

Chini ya kioo nimeweka wavu wa dirishani, na gari linalala kwenye banda la mabati. Kivuli cha mwembe nimewaachia wenye baiskeli.

Kilichobaki ni mlango wa nyuma. Raba yake imepasuka, na kwenye magari haya raba hiyo ikichoka huingiza maji kwenye sehemu ya tairi la akiba na kuvuta moshi wa ekzosi ndani. Mwenye raba ya 240Z, au aliyewahi kuweka ya gari jingine ikakaa sawasawa, aniandikie hapo chini.