Kaka yangu hana cheti cha kifo

Leo nimemsindikiza mama kwenda kuandikisha jina la kaka yangu kati ya waathirika wa Vita vya Siku Sita, hapa Kisangani. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya mji wetu, nasi tumejifungia majumbani. Makombora yalipotulia kidogo, kaka akatoka kututafutia maji. Hatukumwona tena, wala mwili hatukuupata.

Mama alibeba kila alicho nacho: picha ya pasipoti iliyofifia pembeni, kadi ya ubatizo, na daftari la shule lenye mwandiko wake. Karani akataka cheti cha kifo. Mama akamjibu, "Mwanangu, nitakitoa wapi, nami sijamzika?"

Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325, milioni 225 zikiwa kwa madhara yaliyowapata watu. Kesi dhidi ya Rwanda ilikwama tangu 2006, mahakama iliposema haina mamlaka. Hilo linaniuma sana.

Pesa zije, kuna watu waliopoteza miguu na wanazihitaji. Lakini mama hakuzitaja hata mara moja. Anataka waliotoa amri siku zile waseme miili ilipelekwa wapi. Na mimi nataka waliopotea waandikwe kama waliopotea, wasilazimishwe kuitwa marehemu ndipo wahesabiwe.

Kama na kwenu kuna aliyetoka asirudi, niandikieni. Twende pamoja.