Bash, fish na picha za harusi

Ramadhani ile nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la ami yangu, Langoni, mjini Lamu: kadi za harusi, picha za pasipoti, kupiga chapa. Mchana hakuna mtu. Baada ya tarawehe ndipo wateja wanaingia. Mwanawe, binamu yangu, alikuwa amerudi kutoka chuo Mombasa na laptopu na maneno mengi.

"We bado uko na Bash?" akaniuliza, kama mtu aliyemkuta mwenziwe akila muhogo mkavu siku ya Idi. Bash ni sheli, yaani programu inayopokea amri unazoziandika kwenye kompyuta; yeye alikuwa amehamia sheli nyingine, fish.

Ami akatupa kazi moja sote wawili: folda ya picha za harusi, kubwa mno, majina yamejaa nafasi. Zipunguzwe, kisha majina yasafishwe. Kila mtu akachukua kopi yake, maana mogrify, amri ya kupunguza picha, huandika juu ya picha asilia.

Bash aliiandika Brian Fox kwa mradi wa programu huria wa GNU, ikatoka mwaka 1989. Kuhariri mstari kunafanywa na maktaba yake, Readline, kwa vitufe vya mtindo wa kihariri cha Emacs: Ctrl-A mwanzo, Ctrl-E mwisho, Ctrl-W hufuta neno lililo nyuma, Ctrl-Y hulirudisha. Mimi nilikuwa najivunia Ctrl-R, inayotafuta amri ulizokwisha kuandika. Nikaandika "mogr", na amri ndefu ya wiki iliyopita, na vigezo vyake vyote, ikajitokeza. Nikabadilisha namba ya upana, nikapiga Enter.

Binamu, kwenye fish, akaandika herufi mbili tu. Amri yote iliyobaki ikatokea mbele ya kielekezi kwa rangi ya kijivu. Akagusa mshale wa kulia, ikawa yake. Hapo nilinyamaza. Akikosea jina la amri, linabaki jekundu kabla hata hajapiga Enter. Akibonyeza Tab baada ya kistari, anapata orodha ya vigezo na maelezo yake, ambayo fish huyachuma kutoka kurasa za man, yaani miongozo ya amri. Na haya yote bila faili la mipangilio! Zsh, sheli nyingine, nayo inaweza mengi ya namna hiyo, lakini mpaka uiandikie faili la mipangilio, .zshrc, au upachike programu jalizi, na mimi sina subira hiyo.

Kwenye majina ndipo mambo yalipogeuka. Kitanzi changu, yaani amri zinazorudiwa kwa kila picha, kilikuwa tayari, akakinakili kwangu na kukibandika kwake. Fish ikakikataa, kwani huko kitanzi hufungwa kwa "end" tu na "do" haipo.

"Sasa hii sheli yako haijui lugha ya wenzake?" nikamwambia.

"Ngoja, bwana."

Akaita tena kile alichobandika. Kikarudi kwa mistari yake yote, akapanda kwa mshale hadi mstari wa pili, akarekebisha hapohapo. Kwangu Bash hukirudisha kimebanwa katika mstari mmoja, nukta-mkato kila mahali, nami narudi nyuma neno kwa neno kwa Alt-B. Hilo ndilo lililonishinda, si zile rangi.

Usiku uleule nikasakinisha fish kwenye mashine yangu. Skripti zangu nimeziacha kwa Bash, na kwenye seva za watu natumia nilichokikuta.

Ami akachungulia mlangoni. "Wanangu, mmemaliza mashindano? Huyu mwenye harusi anataka picha zake."

Hakuna aliyekuwa amewasha printa.