Roho ya mwaloni si Roho wa kanisani

Wingu jeusi likichomoza juu ya ziwa wakati dagaa bado wameanikwa pale mwalo wa Kibirizi, forodha ya wavuvi kule Kigoma, utasikia mama akimwambia mwenzake, "Roho iko juu, shoga," huku mikono inakusanya dagaa kwenye beseni bila kusimama. Hazungumzi habari za ibada. Anasema hana utulivu: dagaa wakinyeshewa kabla ya kukauka hulainika na kuoza, na mtaji unakwenda nao.

Neno hili, roho, tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina undugu na neno la upepo. Nasi tuna pepo na upepo, kwa hiyo halikuingia nyumba ya ugenini. Katika maneno ya kila siku roho ni pumzi, na pumzi ina njia yake: koo. Kumkaba mtu roho ni kumkaba koo. Chakula nacho hupita jirani na hapo, ndipo tukawa na mroho, yule anayetia tonge la pili kabla la kwanza halijashuka, na uroho wake. Tukisema "uroho wa madaraka" tunachora koo lisiloshiba, na napenda sana picha hiyo isipotee.

Kukata roho ndiko kunakotumiwa ovyo zaidi siku hizi. Ni tendo la dakika moja, pumzi ya mwisho. "Amekata roho saa tisa usiku" ni sawa. "Amekata roho tangu mwaka jana" si sawa, hapo sema amefariki. Tena ni maneno makavu. Mtu akienda kutoa taarifa ya msiba Ujiji kwa wazee, atasema marehemu amefariki, au ametangulia mbele ya haki. Kukata roho kutakuja baadaye, kwa sauti ya chini, waliokuwepo wakieleza ilivyokuwa.

Halafu kuna jirani yake, moyo. Hawa wawili hukopeshana, ila si kila kitu. Mtu huvunjika moyo, havunjiki roho. Hupiga moyo konde, hapigi roho konde. Zahanati ndiko kosa linakoleta shida hasa: ukisema "moyo unaniuma", mganga atakuwekea kipimo kifuani, ukisema "roho inaniuma", atajua umepoteza kitu au umeonewa, atakuuliza kuna nini nyumbani. Mgonjwa wa kifua aseme moyo, tena aonyeshe kwa kidole.

Tabia nazo hukaa rohoni. Roho nzuri na roho mbaya hazihitaji maelezo, lakini roho mbaya ni tusi zito kuliko choyo: mchoyo hakupi chake, mwenye roho mbaya anaumia hata ukipewa na mwingine. Roho ya kutu na roho ya korosho ni ndugu zake. Roho ya paka ni ya mtu aliyenusurika mara nyingi, na roho ngumu husifu au hulaumu kutegemea kilichotangulia: kwa mvuvi aliyevuka dhoruba usiku ni ujasiri, kwa aliyemfukuza mjane ni ukatili. Mvuvi huyohuyo akiwa bado katikati ya mawimbi, roho yake iko mkononi. Hiyo ni hofu tupu, haina sifa ndani yake. Ama aliyeng'ang'ania asichofaidi mbele ya macho ya watu huachwa na methali yake: kipenda roho hula nyama mbichi.

Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenga ibada na mwalo. Kwa Wakristo Roho Mtakatifu ana nafsi, kwa hiyo hushuka, huongoza, hufariji: "Roho Mtakatifu ameshuka", kamwe si "imeshuka". Katika maandishi ya Kiislamu utakuta pia Roho Takatifu, ambaye wafasiri wengi wanamfahamu kuwa ni Jibrili. Ile ya kwetu sote, ya pumzi na tabia, hufuata njia ya nyumba na nguo: roho yangu, roho zetu, roho inasita. Mama wa Kibirizi, jua likirudi na beseni likimwagwa tena kwenye chanja, atasema "roho imetulia". Akisema "ametulia", wenzake watageuka kutafuta ni nani.