Siku Moja Ukumbini: Mhudumu wa Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa Bandarini

Saa mbili asubuhi

Wageni huingia saa nne, sisi wahudumu wa kumbi huripoti saa mbili. Wengi wanaotuona tumesimama pembeni wakati wa mchana hudhani kazi yetu ni kusimama tu. Waje saa hizi.

Kabla ya lolote tunasoma vipima unyevu na joto, kimoja kila ukumbi, na kuandika daftarini. Makumbusho mengi makubwa yamekubaliana unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 40 na 60, na joto kati ya nyuzi 16 na 25. Bahari ikiwa nyuma ya ukuta, namba hizo hazikai zenyewe. Upepo ukivuma usiku kucha kutoka majini, ukumbi ulio jirani na lango la mizigo ndio hupanda wa kwanza. Tena kupanda na kushuka kwa ghafla huharibu kuliko kiwango kilichotulia: mbao hutanuka na kusinyaa, turubai hulegea na kukaza, na rangi ya zamani iliyokauka, isiyoweza kuzifuata, hupasuka. Chumvi ya hewani nayo hula chuma. Sanamu nyingi za leo ni chuma kitupu kisichopakwa rangi, kwa hiyo tunazimulika kwa tochi tukiishika kwa ubavu, maana doa changa la kutu halionekani ukimulika moja kwa moja.

Majengo yenyewe ya makumbusho ya bandarini mara nyingi hayakujengwa kwa ajili ya sanaa. Tate Liverpool ya Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1988, imo katika maghala ya Albert Dock ya mwaka 1846. Zeitz MOCAA ya Cape Town, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilichongwa ndani ya ghala la nafaka la miaka ya 1920. Maghala ya namna hii yana sakafu za kubeba tani na madirisha machache, na yote mawili yanatufaa. Malango yake makubwa ndiyo yanayotusumbua: likifunguliwa kupokea kreti, unyevu wa gati zima unaingia.

Saa mbili na nusu

Wafanyakazi wa usafi huingia wakiwa na ramani ya kila ukumbi. Kitu chochote kilicho sakafuni hakiokotwi mpaka mhudumu aseme. Mwaka 2011, katika makumbusho moja mjini Dortmund, Ujerumani, doa lililokuwa sehemu ya kazi ya msanii Martin Kippenberger lilisuguliwa likang'oka, kwa nia njema kabisa. Lawama kwa msafishaji si haki. Aliyepaswa kumwonyesha mpaka wa kazi ni sisi wa ukumbini. Mopu hukamuliwa mpaka ikaribie kukauka, na hatua ya mwisho kuzunguka sanamu hufanywa kwa kitambaa cha mkono, si mashine.

Saa tatu

Kuwasha video. Kazi ya skrini tatu zinazokwenda pamoja lazima zianze sekunde ileile, la sivyo sauti hukimbia picha. Projekta huwashwa kwanza zikapata joto, ndipo filamu. Spika husikilizwa kutoka katikati ya chumba, kwa sababu ukumbi mtupu hudanganya: ukijaa watu, miili yao hunywa sauti.

Saa nne

Milango wazi. Wanafunzi wa sanaa, wazee, watalii wawili watatu. Kimya chema.

Saa tano, meli

Hapa ndipo siku yetu inapotofautiana na ya makumbusho ya bara. Meli moja kubwa ya kitalii hubeba zaidi ya abiria 3,000. Wakishuka hata mmoja kati ya kumi akija kwetu, wanafika wote kwa wakati mmoja, makundi ya watu thelathini na kiongozi mwenye kibendera, wote wanaangalia saa kwa sababu meli inaondoka alasiri. Swali la kwanza ni moja: "Ile maarufu iko wapi?"

Vita vya kwanza ni begi la mgongoni. Mwenye begi hajui linapoishia. Akigeuka kumwita mwenzake, nyuma yake kuna sentimita 30 ambazo mwili wake hauzihisi, na mstari wa sakafuni uko nusu mita tu kutoka kwenye picha. Anaambiwa aliache chumba cha mizigo.

"Pasipoti yangu imo humu."

"Sawa mama, basi tulibebe kwa mbele."

"Kwa nini yule hajaambiwa?"

"Naenda kumwambia sasa hivi."

"Nimelipa kiingilio."

Mazungumzo haya hurudiwa na mtu mwingine, kisha mwingine, na kila mmoja ni wa kwanza kwake, kwa hiyo sauti yako isionyeshe kwamba umeshayasema mara ishirini. Na ukimtazama sana mwenye begi, nyuma yako kuna anayerudi kinyumenyume na simu, akitafuta picha pana. Huyo ndiye wa hatari zaidi. Februari 2023, katika maonyesho ya sanaa mjini Miami, mgeni aligusa stendi iliyobeba sanamu ya mbwa wa kaure ya msanii Jeff Koons. Mbwa akaanguka na kuvunjika vipande vipande.

Mkono unaonyooka una dalili zake. Bega hutangulia, kichwa huinama upande, na vidole hufunguka. Sema kabla vidole havijafika, ukiwa ubavuni kwake, kwa sauti ya chini. Ukimpigia kelele kutoka nyuma atashtuka, na mtu akishtuka huenda mbele, yaani kwenye picha. Kidole huacha mafuta, chumvi na asidi. Kwenye chuma kilichong'arishwa alama hiyo isipofutwa mapema hujichora moja kwa moja. Kwenye rangi isiyong'aa huacha mng'ao usioondoka. Rangi ya akriliki isiyopakwa vanishi ni laini hata kwenye joto la kawaida, hushika vumbi na jasho, na mhifadhi, yaani fundi wa kutunza na kutengeneza kazi za sanaa, hana dawa rahisi ya kuisafisha.

Bango peke yake halitoshi. Mwaka 2018, makumbusho ya Serralves mjini Porto, mgeni alitumbukia katika shimo la mita mbili na nusu hivi, ambalo ndilo kazi yenyewe ya msanii Anish Kapoor: shimo jeusi kiasi kwamba jicho huliona kama duara lililopakwa rangi sakafuni. Mabango ya tahadhari yalikuwepo.

Wakati huohuo mvua ikinyesha, makoti yaliyolowa yanaingia, na kila mwili hutoa gramu 50 hivi za mvuke kwa saa. Kipimo kinapanda mbele ya macho yako. Mhudumu huita kwa redio na kuomba ukumbi ufungwe kwa dakika chache. Walioko foleni hawafurahi.

Mchana

Kula, dakika chache za kukaa. Magoti na kisigino ndivyo hulalamika, si nyayo, ndiyo maana tunabadilishana kumbi na kutembea badala ya kusimama palepale.

Baadaye wageni hawaji tena kwa wingi bali kwa maswali, na maswali ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoipenda. "Hata mtoto wangu angechora hii." Sijibishani na mtu huyo. Namwomba asimame hatua tatu nyuma, kisha aje karibu hadi kwenye mstari, aniambie anaona tabaka ngapi za rangi. Wengi hubaki dakika kumi. Halafu kuna kazi zinazoruhusu kuguswa, kama rundo la peremende la msanii Felix Gonzalez-Torres la mwaka 1991, lenye uzito wa kuanzia wa kilo 79 hivi, ambalo mgeni anakaribishwa kuchukua moja. Mtoto aliyechukua peremende chumba kile hataelewa kwa nini chumba hiki haruhusiwi kugusa kitu. Mweleze mtoto mwenyewe, ukichuchumaa, usimwambie mzazi juu ya kichwa chake.

Kufunga

Dakika kumi na tano kabla, tangazo. Vyumba vyenye giza hukaguliwa kwa tochi, kuna wanaosinzia mbele ya video. Projekta za taa huzimwa kwa rimoti kwanza, feni ikiacha kuzunguka ndipo umeme ukatwe. Ukiukata mapema, joto lililobaki ndani hufupisha maisha ya taa.

Mwisho ni ripoti. Usiandike "picha imeharibika." Andika ukumbi, namba ya kazi, upande, umbali kutoka pembe kwa sentimita, saa ulipoona, na kama uliiona asubuhi. Usifute kitu, hata vumbi. Piga picha rula ikiwa karibu bila kugusa, mwite mhifadhi, na umkabidhi mwenzako wa zamu ya usiku daftari mkononi, si mezani.