Kwa Nini Nimechagua Kinanda Kinachohisi Kidole

Jumapili, usiku

Uamuzi wa kununua kinanda cha nyumbani umekamilika wiki hii. Nimechukua Casio CT-S300, chombo cha vibonye 61 kilichotoka mwaka 2019, baada ya kuzunguka maduka ya Kariakoo nikiwa na bajeti isiyotakiwa kuvuka shilingi laki saba. Mwanangu amelala, nyumba imetulia, na ninataka kuandika sababu zangu zote kabla hazijachanganyika na furaha ya kuwa na chombo ndani. Najua wapo wanakwaya wenzangu ambao nao wanaweka akiba kidogo kidogo kwa lengo hilihili, na najua ni maneno gani watakayoambiwa watakapofika dukani.

Ni lazima kwanza niseme kinanda hiki ni cha kazi gani, kwa kuwa bila jibu la swali hilo kila ushauri utaonekana sawa na mwingine. Mimi huimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia yetu. Nimekulia katika solfa, yaani kusoma nyimbo kwa do, re, mi, na ninachotamani ni kukaa jioni na kupiga wimbo wa sauti nne kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikisikia jinsi alto yangu inavyokaa kati ya soprano na tenor. Mwanangu wa darasa la tano naye anataka kujifunza. Hatuna nia ya kupiga harusini wala kurekodi studio. Tunaishi nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na jirani, kwa hiyo tundu la spika za masikioni lilikuwa sharti tangu mwanzo.

Dukani mazungumzo huanza na hesabu. "Mama, hiki kina sauti mia nne, na hiki hapa kina sauti mia sita na ushee," aliniambia kijana mmoja mwenye adabu na subira, akiyageuza maboksi ili nisome mwenyewe. Hesabu hizo ni za kweli. Yamaha PSR-E373, kwa mfano, ina sauti 622 na midundo 205. Lakini sauti hizo ni data iliyohifadhiwa katika kumbukumbu ya kielektroniki, na mtengenezaji akishakuwa nayo, kuongeza nyingine mia moja hakumgharimu kiasi cha kumtisha. Mimi katika maisha yangu yote ya kwaya nimesikia wapigaji wetu wakitumia sauti za ogani, piano, nyuzi, pengine na filimbi, na hizo zimetosha kwa misa za mwaka mzima. Sikuona kwa nini nilipie sauti mia tano ambazo mimi na mwanangu tungezijaribu wiki ya kwanza kisha tusizirudie.

Kinachogharimu ni kile kilicho chini ya vibonye, na hapo ndipo nilipoelekeza fedha yangu. Katika kinanda kinachohisi kidole, kila kibonye kina vigusio viwili vya mpira wenye kaboni, vilivyopangwa ili kimoja kiguse kabla ya kingine. Kidole kikishuka polepole, muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili huwa mrefu. Kikishuka kwa kasi, muda huo hufupika. Na kompyuta ndogo iliyomo ndani huugeuza muda huo kuwa sauti ya upole au sauti ya nguvu. Katika MIDI, utaratibu wa vyombo vya kielektroniki kupeana taarifa ambao watengenezaji wa vyombo waliuzindua mwaka 1983, kasi hiyo huandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 127. Kinanda kisicho na uwezo huo hutoa ukubwa uleule wa sauti, ukigusa kwa woga au ukipiga kwa hasira.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko umeme. Vinanda vingi vya nyuzi vilivyotamba Ulaya kabla ya piano, kama harpsikodi, vilidonoa nyuzi, na mpigaji hakuweza kuongeza wala kupunguza sauti kwa kidole chake. Karibu na mwaka 1700, huko Florence, Italia, Bartolomeo Cristofori alitengeneza chombo ambacho nyuzi zake zilipigwa na nyundo ndogo, na tangu hapo mkono ukapata uwezo wa kunong'ona na kupaza katika sentensi ileile ya muziki. Ninapofikiri kwamba bado leo, katika mwaka huu, mtu anaweza kulipa fedha nyingi na kurudi nyumbani na kinanda kilichonyimwa jambo lililopatikana zaidi ya miaka 300 iliyopita, kwa kuwa tu boksi lake lina hesabu kubwa, nasikitika kwa dhati.

Mfano ulionisaidia sana ulikuwa wa ndugu wawili wa kiwanda kimoja. CT-S200 na CT-S300 zina sauti 400 na midundo 77 kila moja, zina vibonye 61 kila moja, na ukizitazama kwa mbali utadhani ni kitu kimoja. Tofauti kubwa ni kwamba S300 inahisi kidole na S200 haihisi. Kwa upande wa Yamaha, PSR-E273 yenye sauti 401 haihisi kidole, ilhali PSR-E373 inahisi. Mtu anayesoma hesabu ya sauti peke yake hawezi kuiona tofauti hiyo, ingawa ndiyo itakayoamua mkono wake utajifunza nini katika miaka yake ya kwanza.

Mwalimu wa kwaya yetu, ambaye ninamheshimu na ambaye nilimwomba ushauri baada ya mazoezi, hakukubaliana nami mara moja. "Dada, kanisani tunapiga kwa sauti ya ogani," alisema, "na ogani haijali umegonga kwa nguvu kiasi gani. Wewe tafuta kinanda chenye ogani nzuri." Hoja yake ni sahihi. Ogani ya mabomba hupeleka hewa kwenye bomba kibonye kikibonyezwa, na kidole kikali hakiongezi hewa hiyo. Nimelitafakari jibu lake siku nyingi, na bado naona uzani unaangukia upande wangu. Uwezo wa kuhisi kidole unaweza kuzimwa katika S300, na hapo chombo kikawa kama Mwalimu anavyotaka. Kinanda kisicho na uwezo huo hakiwezi kuwashiwa kitu ambacho hakimo. Zaidi ya hapo, ninapofanya mazoezi nyumbani kwa sauti ya piano, nataka soprano isikike juu kidogo ya sauti nyingine tatu, kwa sababu ndiyo yenye wimbo wenyewe. Kufanya hivyo ni kuufundisha mkono wa kulia kukipa kidole cha mwisho uzito zaidi kuliko kidole gumba, na kazi hiyo haifundishiki penye vibonye ambavyo vyote hujibu sawa. Mwalimu alinisikiliza, akacheka kwa upole, akasema nilete kinanda akione.

Kuhusu idadi ya vibonye nilikuwa na wasiwasi mwanzoni, kwa sababu piano kamili ina vibonye 88 na kuna sauti ndani ya mtu inayomwambia kwamba pungufu ya hapo ni kuchezea. Nilitulizwa na hesabu rahisi. Kinanda cha vibonye 61 kina oktava tano (oktava moja ni kutoka do hadi do inayofuata), kwa kawaida kuanzia do ya chini iliyo oktava mbili chini ya do ya katikati hadi do iliyo oktava tatu juu yake. Besi wetu wakishuka hadi chini kabisa ya uwezo wao wa kawaida na soprano wakipanda hadi juu kabisa, wote wanabaki ndani ya eneo hilo na nafasi inasalia. Wimbo wa sauti nne hauhitaji zaidi. Anayetaka kupiga kazi za piano za Chopin atakosa vibonye pande zote mbili, na huyo naye atahitaji vibonye vizito vyenye nyundo, kama vile vya Yamaha P-45, chombo cha vibonye 88 chenye uzito wa kilo 11.5 na kisichotumia betri. Ni chombo kizuri, nilikigusa nikakipenda, lakini kilikuwa nje ya uwezo wangu na nje ya haja yangu.

Nilivikataa kabisa vile vidogo vya watoto vyenye vibonye vyembamba, ingawa mwanangu alivitamani kwa rangi zake. Katika kibonye cha kawaida, oktava moja huchukua takriban sentimita 16.5, na mkono hujifunza umbali huo mpaka unaupata bila macho kutazama. Mtoto aliyezoea umbali mwingine atalazimika kuanza upya siku atakapoketi kwenye kinanda cha kanisani.

Kuna kitufe cha transpozi, na juu ya hicho nina neno, maana sisi wa solfa tunakipenda kupita kiasi. Karatasi ikisema do ni G, mpigaji huhamisha ufunguo kwa kitufe na kuendelea kupiga kama vile do ni C, vidole vikitembea njia ileile ya vibonye vyeupe. Kwa anayepaswa kuongoza kwaya kesho asubuhi, kitufe hicho ni msaada wa kweli, na S300 inacho. Kwa anayejifunza nyumbani bila haraka, naona ni afadhali akiache na kuvipa vidole nafasi ya kuzijua G, F na D kwa njia zake zenyewe, kwa sababu siku umeme utakapokatika kanisani na kikabaki kinanda cha upepo peke yake, hakutakuwa na kitufe cha kubonyeza. Tumekubaliana na mwanangu kwamba transpozi haiguswi mpaka tuwe tumezizoea funguo hizo tatu.

Polifonia, yaani idadi ya nota zinazoweza kulia kwa wakati mmoja, haikunisumbua. S300 ina 48, nami ninapiga nne.

Jambo la umeme, kinyume chake, lilinichukua muda. Nilivutiwa na vinanda vilivyotumika vinavyoletwa kutoka Japani, vingine vikiwa vya daraja la juu kuliko nilichonunua. Umeme wa majumbani kule ni volti 100, na wetu ni 230, kwa hiyo adapta iliyoandikwa kwamba inapokea 100 pekee itaungua ikichomekwa hapa, na pengine itaondoka na kinanda. Inayofaa ni ile iliyoandikwa 100 hadi 240. Upande wa pili wa adapta nao una mambo yake: vinanda vingi vya Yamaha vya kundi hili hutumia volti 12 na chanya ikiwa katikati ya pini, wakati Casio nyingi za zamani zilitumia volti 9 na hasi ikiwa katikati. Adapta ya kuazima inayoingia vizuri kwenye tundu haijathibitisha kwamba inafaa. CT-S300 hukubali pia betri sita ndogo za AA, na katika mtaa wetu sifa hiyo ina maana kubwa kuliko midundo yote 77.

Kwa atakayechagua kilichotumika, kuna kipimo kimoja ambacho ningemsihi asikiruke. Apitie kila kibonye, cheupe na cheusi, mara moja kwa upole sana na mara moja kwa nguvu. Vumbi au unyevu ukiingia kwenye vile vigusio vya mpira, kibonye kimoja hukaa kimya kikiguswa taratibu, au hupiga ukelele mkubwa katikati ya wenzake wapole. Hewa yetu ya pwani yenye chumvi haivihurumii vifaa vya namna hii. Vigusio husafishika na fundi mwangalifu, lakini gharama hiyo iingie katika bei kabla ya kulipa.

Shemeji yangu wa Tanga, mpenzi mkubwa wa taarabu, alinipigia simu kunishauri nitafute kinanda chenye robo sauti. Kwa muziki wake ana haki kabisa: maqam, yaani ngazi za muziki wa Kiarabu, kama rasti na bayati zina sauti zinazokaa kati ya kibonye na kibonye, na kinanda cha kawaida cha bei yangu hugawanya oktava katika sehemu 12 zilizo sawa. Kuna vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, kama Yamaha PSR-A350, ambavyo humruhusu mpigaji kushusha nota anazozitaka. Tenzi zetu za kwaya hazipiti huko, nami nilimshukuru na kumwachia chaguo hilo yeye.

Kinanda sasa kipo juu ya stendi ya miguu ya mkasi, iliyoshushwa mpaka mikono yangu ya mbele inalala sawa na sakafu ninapokaa. Meza ya chakula tuliijaribu na ilikuwa juu mno, kwani unene wa kinanda uliongezeka juu ya urefu wa meza na mabega yakapanda. Kilichobaki ni pedali ya kushikilia sauti, ambayo haikuja ndani ya boksi. Pedali za madukani ni za aina mbili kwa jinsi zinavyofunga na kufungua umeme, na isiyolingana na kinanda hushikilia sauti mguu ukiwa juu na kuiachia mguu ukikanyaga. Mwezi ujao nitatafuta ile yenye swichi ndogo ubavuni ya kugeuza mwelekeo huo, na kwa kuwa kinanda chenyewe kina mpini wa kubebea na uzito wake ni kilo 3.3 tu, nitakwenda nacho dukani na kuijaribu hapohapo kabla ya kulipa.