Nilivyofaulu kuhesabu hatua za kiwavi wa nondo wa unga

Swali lilikuwa fupi: kiwavi wa nondo wa unga hujivua ngozi mara ngapi kabla ya kuwa pupa, yaani kile kipindi cha kutulia kabla ya kugeuka nondo? Nikajua nitalimaliza kwa wiki chache. Nilimaliza miezi mitano.

Jina lake la kitaalamu ni Ephestia kuehniella. Mpevu ni nondo mdogo wa kijivu asiyekula chochote. Kazi yake ni kujamiiana na kutaga. Hasara yote huletwa na kiwavi, tena si kwa kula tu. Kila anapopita huacha uzi, unga unashikana mabonge mabonge, na vinuni mabomba huziba kabisa. Uzi huohuo ndio ulionitesa.

Mayai hayakunipa shida. Niliweka nondo kwenye chupa, nikafunika mdomo kwa wavu, nikaipindua juu ya karatasi. Asubuhi mayai yalikuwa yamedondoka, meupe, kila moja kama nusu milimita.

Jaribio la kwanza niliwaweka viwavi hamsini pamoja. Baada ya wiki mbili nilikuwa na wakubwa, wadogo na wa kati, na sikuweza kusema nani amejivua lini. Nikaanza upya, kila mmoja na mrija wake na unga uliochekechwa vizuri. Kila siku nilifungua na kumtafuta. Kosa! Nikishachana kijumba chake cha uzi, anaacha kula na kuanza kukifuma tena, na wale niliowasumbua sana walichelewa kukua. Kipimo changu chenyewe kilikuwa kinaharibu jibu.

Lililoniokoa ni kichwa cha kiwavi. Mwili hutanuka taratibu, lakini gamba la kichwa ni gumu, halikui mpaka ajivue; hapo hupanuka kwa mruko mmoja. Mtaalamu wa wadudu Harrison Dyar alionyesha mwaka 1890 kwamba mruko huo hufuata uwiano unaokaribiana kutoka hatua hadi hatua, yaani kutoka kujivua kumoja hadi kwingine. Na gamba la zamani haliendi popote: linanasa kwenye uzi, kwa hiyo kila gamba ni alama ya kujivua mara moja.

Basi nikawaacha wakue kwa amani, nyuzi joto 25. Nondo alipotoka, nililoweka uzi wote kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, nikautikisa polepole. Unga na kinyesi vikashuka, uzi ukabaki, na ndani yake vichwa vitupu vya rangi ya kahawia, vinang'aa, taya zikiwa bado mahali pake. Nilivitoa kwa brashi nyembamba na kuvipanga chini ya hadubini kuanzia kidogo hadi kikubwa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama mstari ule.

Faida nyingine ilikuja bila kuitafuta. Kiwavi dume akikaribia kukomaa, korodani zake huonekana kupitia ngozi ya mgongo kama doa jeusi, kwa hiyo niliweza kutenganisha dume na jike nikiangalia kupitia kioo cha mrija tu. Korodani hizohizo zina historia: mwaka 1933 mwanabiolojia Ernst Caspari alizipandikiza kutoka viwavi wa kawaida kwenda kwa viwavi wa ukoo wenye macho mekundu, na nondo waliotokea wakawa na macho meusi.

Mirija mingi ilinipa vichwa vitano. Mrija namba 31 ulikuwa na sita. Nilivihesabu mara tatu, nikavipima upya, kisha nikaandika: sita.